Ukianza kusoma siasa za Marekani za miaka ya 60, anza na kura, hotuba baadaye

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza historia, semina za haki za raia Marekani nimeziongoza kwa muda sasa na kinachowaangusha wengi ni kilekile, mtu anakuja na vyama vya leo kichwani anavipachika mwaka 1964, anaandika eti Wademokrati walikuwa upande wa weusi na Warepublikani ndo walipinga. Hapo maksi zishaenda.

Chukua Sheria ya Haki za Raia ya 1964, ile iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi. Waliokomaa kuizuia Seneti ni Wademokrati wa kusini, kinara wao Richard Russell wa Georgia, na silaha yao ilikuwa mdomo tu, maana mjadala usipofungwa kura haipigwi, basi wakaongea wiki na wiki, Robert Byrd wa West Virginia peke yake alikesha anaongea zaidi ya saa 14. Kufunga mjadala zilitakiwa kura 67. Wademokrati walikuwa na viti 67 kamili, cheki hapo, ila 23 kati yao wakapiga hapana, kwahiyo Rais Johnson, Mdemokrati mwenzao, bila wapinzani asingetoboa. Ndo maana akabembelezwa Everett Dirksen, kiongozi wa Warepublikani Seneti, vipengele vikarekebishwa mpaka akaridhika, na 27 wa chama chake wakaunga mkono. Tarehe 10 Juni kura ya kufunga mjadala ikatoka 71 kwa 29. Clair Engle wa California alikuwa na uvimbe kwenye ubongo, kuongea hawezi, akaletwa na kiti cha magurudumu, jina lake lilipoitwa akaonyesha jicho lake kwa kidole, ikahesabiwa ndiyo.

Vyama kubadilishana wapiga kura ilikuja taratibu. Barry Goldwater, Mrepublikani aliyeikataa ile sheria, aligombea urais mwaka huohuo akachapwa kila mahali isipokuwa kwao Arizona na majimbo 5 ya kusini kabisa. Hayo 5 yafuatilie chaguzi zote zinazofuata.

Na mtaani pia msiishie kwa Martin Luther King, jamani. Mji wa Montgomery, Alabama, weusi waligomea mabasi yenye ubaguzi siku 381, sasa jiulize kazini walifikaje, utakutana na mtandao mzima wa magari ya kupeana lifti. Utakutana pia na Claudette Colvin, binti wa miaka 15 aliyegoma kumpisha mzungu kiti kwenye basi miezi 9 kabla ya Rosa Parks, yule ambaye kukamatwa kwake ndo kuliwasha mgomo, na ni mmoja wa walalamikaji kwenye kesi iliyoua ubaguzi kwenye yale mabasi. Kwenye insha huwa simuoni kabisa.

Ukipangiwa mada, kabla hujaandika hata sentensi tafuta orodha za kura, nani kapiga nini na anatoka jimbo gani. Zipo bure mtandaoni.