Je, watu wa Pompeii waligeuka mawe?

Ndugu, umeuliza kama maumbo ya watu yanayoonekana Pompeii, mji wa kale wa Kirumi nchini Italia, ni miili iliyogeuka mawe. Hapana, ingawa mara nyingi mifupa yao imo ndani. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 Baada ya Kristo, majivu yaliifunika miili na kugandamana kuizunguka. Miili ilipokwisha kuoza, pakabaki uwazi wenye umbo la marehemu, wakati mwingine hata mikunjo ya mavazi yake. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, aliyesimamia uchimbaji, alianza kumimina jasi iliyokorogwa kwa maji katika uwazi huo, na ilipokauka majivu yakaondolewa, yakabaki maumbo ya jasi unayoyaulizia.

Naomba tu tuwe waangalifu na masimulizi yanayowahusu, kwa sababu hawa walikuwa binadamu halisi. Kwa miaka mingi mtu mzima mwenye bangili ya dhahabu, aliyekutwa na mtoto, alielezwa kuwa mama na mwanawe. Lakini uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba alikuwa mwanamume, tena asiye na undugu wa damu na mtoto huyo.