Kilichonipunguza ni kalamu, si jumla

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama kuhesabu kalori kunamsaidia mtu kupungua uzito. Mimi nilihesabu kila siku kwa miezi minane, nikapungua kilo 9, kwa hiyo siwezi kusema hakusaidii. Ila kilichonisaidia sicho nilichokitegemea, na ningependa anayetaka kuanza kesho alijue hilo mapema. Mimi nilichelewa kulijua, na kuchelewa huko kuliniumiza.

Nilianza nikiamini kwamba mwili ni kama daftari la duka: kilichoingia, kilichotoka, salio. Nilikuwa nimesoma kwamba kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Basi nikipunguza 500 kwa siku, karibu nusu kilo itaondoka kila wiki. Nikapiga hesabu ya mwaka mzima, nikaandika hadi tarehe ya kufikia uzito niliokuwa nautaka. Wiki za mwanzo mizani ilinitii. Mwezi wa nne ikagoma. Nakula vilevile, naandika vilevile, mshale hausogei. Nilijiona sina nidhamu. Usiku nilikuwa narudia kujumlisha nikitafuta mahali nilipokosea, na kosa silioni.

Kosa lilikuwa kwenye ile hesabu ya mwaka. Mwili uliopungua unahitaji nishati kidogo kuliko ulipokuwa mzito, hivyo chakula kilichokuwa pungufu mwezi wa kwanza huja kuwa cha kutosha bila wewe kuongeza hata tonge. Halafu kuna njaa. Mwaka 2016 Kevin Hall, mtafiti wa taasisi za taifa za afya nchini Marekani, pamoja na wenzake walikadiria kwamba kwa kila kilo mtu anayopungua, matumizi ya mwili hushuka kwa kalori 20 hadi 30 hivi kwa siku, ilhali hamu ya kula hupanda kwa takriban kalori 100. Tazameni tofauti hiyo. Kwa makadirio hayo, aliyepungua kilo 9 kama mimi anasukumwa kula karibu kalori 900 zaidi kila siku. Laiti mtu angeniambia hivyo mwezi ule wa nne, nisingejichukia. Nilikuwa napambana na mwili unaojitetea, nami nikidhani ni uvivu wangu.

Tarakimu zenyewe nazo ni za kukadiria. Kalori moja ya chakula ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja ya Selsiasi. Viwango tunavyovitegemea hadi leo, yaani 4 kwa kila gramu ya wanga, 4 kwa protini na 9 kwa mafuta, chimbuko lake ni kazi ya mwanakemia wa Marekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu, lakini ni wastani, na chakula hakiingii mwilini kwa wastani. Chukueni lozi. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima watu waliokula lozi wakaona kwamba gramu 28, ambazo kwa hesabu ya kawaida zina takriban kalori 170, ziliwapa 129 tu. Sehemu ya mafuta yake hubaki imefungiwa ndani ya kuta za seli na kupita bila kufyonzwa. Protini nayo hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake katika kumeng'enywa tu, wakati mafuta hayavuki asilimia 3 hivi. Sahani mbili zinaweza kuwa na jumla moja kwenye karatasi, zikafanya mambo mawili tofauti tumboni.

Na mwandikaji je? Mwaka 1992 ulichapishwa nchini Marekani utafiti ambao naurudia kila mara ninapozungumza na watu kuhusu jambo hili. Walichukuliwa watu 10 waliosema hawapungui ingawa wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Matumizi yao ya nishati yakapimwa kwa maji maalumu yanayofuatiliwa kwenye mkojo. Miili yao haikuwa na hitilafu. Walikuwa wameripoti pungufu ya walichokula kwa asilimia 47, na kuzidisha mazoezi yao kwa asilimia 51. Naomba msiwaite waongo. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo, na niliamini kila nilichosema.

Nilikuja kujua siku nilipoamua kupima mafuta ya kupikia badala ya kuyamimina kutoka kwenye chupa. Vilitoka vijiko vinne vikubwa, na kila kimoja kina kalori 120 hivi. Miaka yote sikuwahi kuyahesabu mafuta kama chakula. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mabaki ya sahani za watoto, kwa sukari ya kikombe cha tatu, na kwa kile ninachoonja nikiwa nimesimama jikoni. Daftari ndilo lililovitoa mafichoni. Zaidi ya hapo, mkono ulianza kusita: nikijua kwamba nikila nitaandika, mara nyingi niligundua kuwa sina njaa, nimechoka tu. Hapo ndipo kilo zangu zilipoondokea. Ningeweza kukosea jumla kwa 300 kila siku na faida hiyo ingebaki palepale.

Aina ya chakula ni habari nyingine, na pengine ni kubwa kuliko zote. Hall huyohuyo mwaka 2019 aliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula visivyosindikwa hivyo. Milo iliyotengwa mbele yao ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, kisha wakaachwa wale hadi watosheke. Kwenye vile vya viwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku. Hakuna aliyewalazimisha. Tangu nilipousoma utafiti huo naangalia kwanza chakula chenyewe, na lebo baadaye.

Nilichoacha ni kujumlisha. Binti yangu wa miaka tisa alishika tunda mezani, akaniuliza, "Mama, hili ni ngapi?" Hakuuliza kama ni tamu. Aliuliza ni ngapi, kisha akalirudisha. Moyo uliniuma kuliko siku yoyote ya mizani. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula au wa kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia asianze kuhesabu bila daktari au mtaalamu wa lishe. Na mwenye mtoto mezani asihesabu kwa sauti.

Siku hizi nguo zikianza kubana narudi kwenye daftari kwa wiki mbili. Naandika nilichokula, saa, na kando yake kama nilikuwa na njaa au la. Safu ya tarakimu naiacha wazi.

Msomaji wenu