Filamu hurekodiwa na simu, au kwa simu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uandishi wa habari hapa Dodoma. Mimi na wenzangu wanne tumetengeneza filamu fupi ya dakika 9 kwa ajili ya somo la vyombo vya habari vya kidijitali. Kila kitu tumefanya kwa simu: picha, sauti, hadi kuediti. Mwanzoni tuliandika "Filamu hii imeshutiwa na simu", na mwishoni tukaweka "Dairekta", "Kameramani", "Edita", "Kipaza sauti" na "Wahusika". Mkufunzi kazungushia kalamu nyekundu karibu yote, pembeni kaandika "Kiswahili!", basi. Mwenzangu mmoja anasema tuandike "imepigwa", mwingine "imerekodiwa". Tunawasilisha wiki ijayo, halafu tutaipakua YouTube. Tusaidie. Na mwisho kabisa tuandike Mwisho au Tamati?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa nacheka. Mkufunzi wako kamaliza wino kwenye "imeshutiwa", wala si neno baya kiasi hicho. Kosa lenyewe limekaa pembeni yake, tena ni kaneno ka herufi mbili: "na".

Mtoto akiadhibiwa shuleni tunasema kapigwa na mwalimu, kwa fimbo. Nguo hushonwa na fundi, kwa cherehani. Ugali husongwa na mpishi, kwa mwiko. Mtenda huja na "na", kifaa huja na "kwa", na wazungumzaji wa Kiswahili hatufundishwi hilo, tunanyonya nalo. Ila tukishika kalamu kuandika rasmi, ghafla tunapotea. Ukisema filamu imeshutiwa na simu, umeifanya simu kuwa fundi. Ninyi watano mliosimama juani hamkuwapo.

Utaniuliza: mbona tunasema mtu kapigwa na radi, kachomwa na mwiba, kapigwa na butwaa? Kwa sababu hapo hakuna mkono ulioshika kitu. Radi haikutumwa na mtu (nawaacha kando wanaoamini vinginevyo), mwiba ulikuwa njiani na mguu ukaufuata. Jaribu kisu, utaona vizuri. "Nimekatwa na kisu" ni habari ya jikoni: kitunguu kimeteleza, kidole kinatoka damu. "Kakatwa kwa kisu" ni habari ya polisi. Kisu ni kilekile. Kilichobadilika ni kama kulikuwa na mtu nyuma yake. Simu yenu ilikuwa na watu nyuma yake. Andikeni "kwa simu". Wala msirefushe ikawa "kwa kutumia simu", maana "kwa" imeshaifanya kazi hiyo peke yake.

Sehemu moja tu ningekubali "na" kwa mashine. Siku hizi vijana wengi hubonyeza kitufe, programu ikasikiliza sauti na kuandika maneno chini ya kioo, au ikatafsiri kabisa, nao wakayaacha kama yalivyo bila hata kuyapitia. Mkifanya hivyo, andikeni "Maandishi ya chini yameandikwa na programu". Hapo "na" itakuwa inasema kweli, na mtazamaji akikuta "mbuzi" mahali pa "mvuvi" atajua amlaumu nani.

Sasa kitenzi. Mwenzako wa "imepigwa" ana sauti ya wazee nyuma yake, kwa kuwa picha tumezipiga tangu kamera zilipofika. Lakini "piga" ni kitenzi maskini, ukiacha kipigo chenyewe hakina maana yake mpaka kiazimwe na nomino inayokifuata. Piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga kura, piga chenga: hakuna hata moja hapo lenye kipigo. Ndiyo maana "picha zimepigwa" hutosheleza, ila "filamu imepigwa" huniacha nikisubiri. Imepigwa nini? Imepigwa mnada? Imepigwa marufuku? Filamu kupigwa marufuku ni jambo linalotokea, kwa hiyo msimpe mtazamaji hofu hiyo kwenye sekunde ya kwanza. Mkitaka "piga", iacheni ikae na mwenzake: "Picha za filamu hii zimepigwa kwa simu."

"Imerekodiwa" ni salama, na ndilo ningelichagua. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliposhiriki katika filamu ya kutangaza utalii, magazeti na redio zetu ziliandika na kusema "kurekodi filamu", na sikusikia mtu akilalamika. Neno hili linabeba picha na sauti kwa pamoja, na hiyo ndiyo kazi mliyoifanya.

"Kushuti" je? Kazini, lisemeni mpaka mchoke. "Kesho tunashuti saa kumi na mbili asubuhi, asichelewe mtu" ni sentensi ya Kiswahili kamili, na atakayesema "kesho tunarekodi picha jongefu" atabaki stendi peke yake. Kwenye kioo lina kasoro mbili. Kwanza, "shuti" limeshachukuliwa na wapenda mpira, nao hawaachii. Pili, "imeshutiwa" likisomwa haraka, sikio hukaribia "imeshutumiwa". Filamu ya wanafunzi ishutumiwe baada ya kuonyeshwa, si kabla.

Nataka nikae kidogo kwenye "kuediti", kwa sababu hapa ndipo mkufunzi na mimi huenda tukagombana. Wengi hulikataa kwa sababu ni la kigeni na kutaka "kuhariri". Haya, lakini hariri nalo limetoka wapi? Ni la Kiarabu. Angalia mkia wake: kitenzi cha asili ya Kibantu kama "kata" hubadilika, tunasema nikate, sikati. Hariri halibadiliki: nihariri, sihariri. Editi nalo vilevile: niediti, siediti. Rekodi na shuti wamo humohumo. Vyote ni vitenzi vya wageni, na sarufi yetu imewapangia chumba kimoja. Tofauti ni kwamba hariri alihamia zamani. Kwa hiyo hoja ya ugeni mimi siinunui.

Hoja ninayoinunua ni ya ukoo. Hariri amezaa: mhariri, uhariri, kuna na ndugu yake tahariri magazetini. Editi kapata mtoto mmoja tu, edita, na tukitaka jina la kazi yenyewe tunajikuta tumerukia Kiingereza kizimakizima. Neno lenye ukoo hukusaidia unapoandika orodha ya majina, maana kila kazi hupata jina lake na la mtu wake. Andikeni "Mhariri wa picha". Ongezeni "wa picha" kwa sababu mhariri akisimama peke yake, msomaji wa Kitanzania anamwona mtu wa gazetini na miwani yake.

Wengine nawapitia haraka. Dairekta ni mwongozaji. Utaona "muongozaji" kila mahali, hadi kwenye mabango makubwa, lakini kanuni ya mu- kugeuka mw- mbele ya irabu isiyo u ndiyo inayotupa mwokozi, mwizi, mwalimu. Lipo hata jozi la kutunza akilini: mwongo ni msema uongo, muongo ni miaka kumi. Mkipeleka filamu Kenya, mtakuta wenzetu wanamwita mwelekezi. Ni neno zuri, msilisahihishe. Kameramani ni mpigapicha. Zamani tulitenganisha, mpiga picha. Siku hizi waandishi wengi huunganisha, nami nimewafuata, kwa sababu "mpiga" hawezi kuishi peke yake. Akiwa peke yake huwa mpigaji, na huyo ni mtu mwingine kabisa, hasa huko ofisini.

"Wahusika" ni kosa la kweli. Mhusika ni yule wa ndani ya hadithi: bibi muuza samaki, mjukuu mtoro, mwenyekiti wa mtaa. Mwigizaji ni rafiki yako aliyejifunga khanga ya dada yake ili awe bibi. Mkiandika "Wahusika" kisha mkapanga majina ya wanafunzi, mmesema hadithi ile iliwatokea ninyi. Wekeni "Waigizaji", au mpange yote mawili, mhusika kushoto, mwigizaji kulia.

Na "Kipaza sauti"? Mliyemwandika hivyo nadhani ndiye aliyeshika maiki. Neno hili limetutesa miaka mingi, maana watu hulitumia kwa kifaa unachosemea na kwa kile kinachotoa sauti juu ya mnara wa msikiti, wakati kupaza ni kazi ya huyu wa pili tu. Cha kwenu hakikupaza chochote, kilinasa. Nasa ni kitenzi cha mitego: ndege hunasa kwenye ulimbo, nanyi mmetega sauti ikanasa. Kifaa ni kinasa sauti, na mtu wenu mwandikeni "Mrekodi sauti", au "Sauti" kisha jina lake, inatosha. Msimwite mnasaji, watu watadhani anakamata kuku.

Nilisema "imeshutiwa" si neno baya kiasi hicho, na nina sababu inayotoka kwenye sinema zenyewe. Tafuta ndani ya simu yako, hakuna filamu. Filamu lilikuwa jina la ule utepe uliotiwa ndani ya kamera; utepe umetoweka, jina limebaki na kuhamia kwenye hadithi. Tunakwenda kwa fundi "kusafisha picha", Wakenya wanasema kuosha, ingawa maji na dawa za chumba cha giza havipo tena. Fundi anazichapa tu. Maneno ya kazi hii hayafi pamoja na vifaa vyake.

Tena yana vituko. Picha ni ya ngeli ya I-ZI: picha hii, picha hizi. Lakini mtu akisema "picha la Kihindi", kila mtu anajua si ile ya ukutani, ni ile ya saa tatu yenye nyimbo sita na mama kipofu. Wazungumzaji walichukua neno lilelile wakalihamishia LI-YA, ngeli ya vitu vikubwa, na kwa kulihamisha tu wakapata jina la sinema bila kukopa kwa mtu. Mtandaoni leo ukitaka kusimulia kisa cha jirani unaanza "Picha linaanza...", na hakuna anayeuliza kwa nini si "inaanza". Kwenye ripoti ya chuo andikeni filamu. Lakini anayewaambia "picha la" ni ujinga, hajui ngeli zinafanya kazi gani.

Halafu kuna stelingi. Mabango na vioo vya sinema za Kiingereza viliandika "starring", kisha jina la mwigizaji mkuu. Watazamaji wetu wakaona neno lile linakaa daima kando ya yule asiyekufa, wakaamua ndicho cheo chake. Stelingi akazaliwa hivyo, na kila mtoto aliyechungulia kwenye kibanda cha video alijua kwamba stelingi hafi, hata akipigwa risasi kumi, na kwamba adui atakufa mwishoni, polepole, akiongea. Neno lilitoka kwenye orodha ya majina, mahali ambapo tunadhani hakuna anayesoma. Kwa hiyo mkufunzi wako ana haki ya kuigombania orodha yenu, ingawa angeweza kuwaeleza vizuri zaidi.

Kuhusu YouTube: mtaipakia. Chakula hupakuliwa kutoka chunguni kuja kwenye sahani yako. Mzigo hupakiwa chomboni uende kwa wengine. Mkiipakua, itakuwa imetoka kule kuja kwenu, na kwa kuwa hamjaiweka bado, mtapakua chungu kitupu.

Bango la mwanzo basi liwe: "Filamu hii imerekodiwa na kuhaririwa kwa simu." Mkiongeza aliyeitunga, angalieni upatanisho: "Imeandikwa na" inarejea filamu, lakini mkitanguliza neno muswada, iwe "umeandikwa na". Neno kidijitali liacheni kwenye jina la somo. Hakuna aliyedhani simu yenu inatumia mkanda.

Limebaki la mwisho. Mwisho ni neno la kawaida na halina kosa. Tamati ni la Kiarabu, maana yake "imetimia", na waandishi wa tenzi waliliandika mwishoni mwa miswada yao ya hati za Kiarabu kumwambia msomaji kwamba utenzi umekamilika. Kwa dakika 9 zilizosemwa zikaisha, ningeweka Tamati. Ila kama mnapanga kumwacha bibi mlangoni ameshika barua ambayo hajaifungua, kisha mtuletee sehemu ya pili, andikeni Mwisho tu, na sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tutajua la kusubiri.