Usiimalize hamu yote: raha ndogondogo nilizofundishwa na Dodoma

Mwezi wa 7 hapa Dodoma ukipita mtaani saa 1 na nusu asubuhi utakuta watu wamesimama, wameegemea ukuta unaotazama mashariki, hawaongei sana, macho wameyafumba nusu. Wanaota jua. Nilipohamia huku 2019 nikitokea Dar, maana ofisi yetu ilikuwa imehamishwa na serikali, nilipowaona mara ya kwanza nikajua labda wanasubiri gari. Dar nani anaota jua jamani, kule jua tunalikimbia.

Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa mgumu, nisiseme uongo. Vumbi, upepo, marafiki wote nimewaacha, jioni nikirudi nyumbani ni simu tu mpaka usingizi unichukue. Halafu baridi ya Juni na Julai ikanikuta sina hata sweta la maana. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo alfajiri inashuka mpaka nyuzi 13 au 14 hivi na ule upepo ndo unamalizia kabisa. Asubuhi moja natoka kwenda kazini natetemeka, jirani yangu, mzee mmoja wa Kigogo, akaniita, "Mwanangu, njoo usimame hapa kwanza, kazi haikimbii." Nikaenda kwa heshima tu, nikamwamkia, nikaegemea ukuta. Ndugu zangu, lile joto lilivyoanza kuingia mgongoni taratibu kutoka kwenye tofali, halafu mke wake akatuletea chai ya rangi ya mchaichai kwenye vikombe vya bati, sikutegemea kabisa kwamba kitu kama kile kinaweza kunifanya nitake kulia. Dakika kumi tu. Nilienda kazini nikiwa mtu mwingine.

Nimekuwa nikiifikiria ile asubuhi kwa miaka sasa na kuna kitu nimekigundua ambacho ndo nataka nikushauri leo. Jua la Julai na jua la Oktoba ni lile lile, ila la Oktoba tunalikimbia. Utamu wake unatoka kwenye ule usiku mzima wa baridi ulioutangulia. Raha ndogo inahitaji nafasi iliyo wazi mbele yake, na maisha yetu ya sasa tunaijaza kila nafasi, tunataka kila kitu kiwepo muda wote, halafu tunashangaa mbona hakuna kinachotufurahisha.

Chukua mfano wa maji. Mitaa mingi hapa mjini maji yanatoka kwa mgao, na tunakoishi sisi yanakuja usiku. Bomba linaanza kukohoa kwanza, linatoa hewa, fyuuu, halafu linanyamaza, halafu tena. Mjue mimi nikisikia kile kikohozi saa 8 za usiku naamka nikiwa natabasamu! Bado tone halijatoka lakini moyo umeshafurahi. Nilikuja kusoma kwamba kuna mwanasayansi anaitwa Wolfram Schultz, kwenye miaka ya 1990 yeye na wenzake walikuwa wanapima seli za ubongo za nyani wakiwapa matone ya juisi, wakaona kwamba mwanzoni zile seli zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha, zinachangamka juisi ikija bila kutegemewa, lakini nyani akishajua kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zinachangamka kwenye taa, juisi yenyewe ikifika zimetulia. Nikasema kumbe ndo maana, taa yangu mimi ni lile bomba linalokohoa.

Ila hapa nisieleweke vibaya. Sisemi shida ni nzuri. Mama anayeamka saa 9 kufuata maji kwa ndoo umbali mrefu na mtoto mgongoni hakosi furaha kwa sababu hajui kufurahi, amechoka, na anastahili bomba uani kwake leo hii. Hata mimi tenki ninalo na nakushauri na wewe ukiweza weka. Ninachozungumzia ni vitu ambavyo tumeshavipata vya kutosha, afu tunavijazia mpaka vinapoteza ladha.

Mfano zabibu, na hapa naomba mnivumilie maana zabibu nazipenda sana.

Mizabibu ya Dodoma inazaa mara mbili kwa mwaka. Wakulima wanaipogoa, wanaikata matawi mpaka shamba linabaki kama limekufa, vijiti vitupu, halafu inachipua upya. Kuna mavuno ya mwanzoni mwa mwaka, Februari na Machi hivi, na mengine Agosti na Septemba. Kipindi hicho ukipita barabarani, ukienda sokoni Majengo, kila mahali ni ndoo na mabeseni ya zabibu nyeusi, zina ule unga mweupe juu ambao wageni wanafikiri ni dawa wanausugua, kumbe ni nta ya tunda lenyewe, ndo dalili kwamba halijashikwashikwa sana. Hizi zetu zina mbegu na ngozi nene kidogo, ukibonyeza kwa meno inapasuka, tamu kwanza halafu mwishoni ukali kidogo unabaki ulimini. Wapo wanaozilalamikia mbegu. Mi naona mbegu inakulazimisha ule polepole, moja moja, na ndo inavyotakiwa.

Sasa miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nafanyaje, nanunua ndoo nzima, nakula mpaka tumbo linauma, zingine nagandisha kwenye friza ili niwe nazo mwaka mzima. Ikifika Juni nina zabibu, Novemba nina zabibu, na kusema kweli nilikuwa nakula tu huku naangalia simu sijui hata nimekula ngapi. Msimu wa Agosti ukija sina habari nao. Mwaka wa tatu friza ikaharibika, sikuwa na hela ya kutengeneza haraka, nikakaa toka Machi bila zabibu hata moja. Agosti mama mmoja ninayezoea kununua kwake akanipigia, "Mwanangu, mzigo umeingia, za kwanza." Nikaenda, nikanunua mfuko mdogo tu, nikakaa palepale pembeni ya meza yake, nikala moja. Naapa nilisikia ile zabibu mpaka kwenye masikio! Yule mama akawa ananiangalia anacheka, akaniambia we kula tu, leo sikudai. Toka siku hiyo zabibu sigandishi. Friza ilishatengenezwa zamani, tunaweka nyama na samaki.

Ndo ushauri wangu wa kwanza kabisa kama unataka kuanza mahali. Chagua kitu kimoja unachokipenda kiwe na msimu. Siyo lazima tunda, inaweza kuwa chipsi mayai ya Ijumaa tu, au kahawa ya kwenye kile kikombe kidogo na kashata, ila Jumamosi jioni tu na siyo kila siku. Usikiache kwa kujitesa, kiache kwa kukisubiri, ni vitu viwili tofauti na mwili unajua tofauti yake.

Halafu mvua. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hivi mpaka Aprili, na kati ya Juni na Oktoba unaweza usione tone hata moja. Ardhi inakuwa nyekundu kavu, mibuyu haina jani, hata mbwa wanatembea upande wa kivuli. Yule mzee jirani yangu Novemba anatoa kiti nje jioni, umeme ukikatika ndo anafurahi zaidi maana nyota zinaonekana vizuri, anaangalia mashariki anatafuta Kilimia. Ni kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana, wazee walilima kwa kukiangalia, na Novemba kinachomoza giza linapoingia tu. Mwanangu wa miaka 8 amejua kukitafuta kabla yangu. Anakimbia kuja kuniambia, "Mama, babu kasema kimetoka!" na tunasimama watatu tunaangalia juu, basi, hatuna cha kufanya zaidi ya hapo.

Na siku mvua yenyewe inapoanza, ile harufu. Jamani ile harufu ya udongo! Wanasayansi wawili wa Australia ndo waliipa jina mwaka 1964, petrikori, na sehemu kubwa ya harufu yenyewe inatokana na kitu kinaitwa jiosmini ambacho bakteria wa kwenye udongo wanakitengeneza, pua ya binadamu inakinusa hata kikiwa kidogo mno. Matone yakipiga udongo mkavu yanarusha vichembe hewani, ndo tunavinusa. Nilipoyajua hayo raha haikupungua, iliongezeka, maana sasa nikinusa nafikiria wale wadudu wadogo walivyovumilia miezi yote ile chini kwenye vumbi. Mvua ya kwanza kwetu hakuna anayebaki ndani, watoto wanalowa, mimi nalowa, nguo ilikuwa kwenye kamba inalowa, hakuna anayegombezwa. Kama unaishi mahali mvua inanyesha kila wiki sijui nikuambie nini, labda ulale siku moja bila muziki na bila tv uisikilize kwenye bati.

Kitu kingine kifupi. Salamu. Wagogo hawasalimii haraka, mtu akikuambia "mbukwenyi" jua hapo ndo mnaanza, mtaulizana nyumbani, watoto, mifugo, mvua, kazi. Zamani nilikuwa naona napotezewa muda, sasa hivi natoka nyumbani dakika 15 mapema kwa ajili hiyo tu. Jaribu kumsalimia mlinzi wa ofisini kwenu mpaka mwisho, siyo ile "vipi, poa" huku unatembea. Muulize mtoto aliyekuwa anaumwa anaendeleaje, simama, msikilize akujibu. Siku yako yote itakuwa na kitu ambacho hukukinunua.

Na simu, najua mmechoka kuambiwa, lakini nitasema. Siyo kwamba ni mbaya. Ni kwamba inajaza ile nafasi, dakika tano za kusubiri daladala unazijaza, za maji kuchemka unazijaza, za kulala unazijaza, na raha ndogo huwa zinapita kwenye dakika hizo hizo. Mi nimeamua asubuhi simu inabaki ndani mpaka nimalize chai ukutani. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa unaitafuta mfukoni wenyewe. Wiki ya pili nikaanza kuona yule ndege mwenye kichwa chekundu anayekuja kwenye mgunga wa jirani, na yupo pale miaka yote, mwanangu ananiambia, "Mama si nilikuonyesha toka mwaka jana?"

Siku hizi na treni ya umeme ilivyoanza 2024 Dar naenda kwa muda mfupi sana, nyumbani kwa mama nafika mchana nakula samaki, na nashukuru kwa hilo, maana basi lilikuwa linamaliza siku nzima. Ila kila nikienda mama anataka nimbebee zabibu, na mwezi huu ni Oktoba. Juzi Jumamosi nikapita kwa yule mama wa sokoni nikamuuliza, hivi hamna hata kidogo zimebaki shambani? Akaniangalia akasema, "Mwanangu, ulishakula za Septemba, subiri Februari." Nikanunua ubuyu na karanga nikamfungashia mama yangu, nikampigia nikamwambia za kwanza za Februari ni zako. Akasema basi nitazisubiri.