Pesa kidogo ya shule, iweke pale walimu wanapokutana

Waliosoma shuleni kwetu siku hizi wana magrupu ya WhatsApp, na magrupu hayo yakishamaliza salamu na picha za zamani huanza kuchanga. Ndipo ninapopigiwa simu. “Mwalimu, shikamoo. Tumekusanya kidogo, tunataka tuifanyie shule kitu. Tununue projekta au kompyuta?” Naitika marahaba, nawashukuru kwa dhati, kisha nawaomba wasinunue chochote kwanza.

Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, mkoani Tanga, kwa muda wa kutosha kuona vitu vingi vikishushwa kwenye gari, vikipigwa picha, na kusahauliwa. Nimeona pia pesa ndogo sana ikibadilisha namna watu wanavyofundisha. Pesa hiyo ndogo, kila nikiifuatilia, nakuta ilitumika kuwakalisha walimu pamoja juu ya somo moja. Kama wewe ni mjumbe wa kamati ya shule, mfadhili, au mwalimu mkuu mwenzangu uliyepewa kituo majuzi, haya ndiyo ninayoweza kukuambia.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaotushauri hawaijui. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule. 4,000 hubaki juu, serikalini, kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 600 inapata 3,600,000 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Humo kuna chaki, mitihani, ukarabati, michezo na karatasi za ofisi, na kila fungu lina mwongozo wake. Madarasa huja kwa njia nyingine: mwaka 2021 yalikuja yale tunayoyaita madarasa ya UVIKO, yaliyojengwa kwa fedha za kukabiliana na UVIKO-19, kisha ukaja BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi. Kwa hiyo pesa ambayo mwalimu mkuu na kamati yake wanaweza kuiamulia wenyewe ni chache mno. Kwetu imekuwa ni ya machungwa. Shule ina michungwa nyuma ya uwanja, msimu ukifika tunauza kwa mnunuzi, pesa inapita benki, kamati inakaa na kupanga. Ukiwa na fungu dogo namna hiyo, kosa moja la matumizi linakula mwaka mzima.

Sasa projekta. Sina ugomvi nayo. Lakini najua safari yake: itaingia ofisini kwangu kwa sababu madarasa hayana milango imara, itavikwa kitambaa, ufunguo utakaa kwa mtu mmoja, na mwalimu anayetaka kuitumia atalazimika kuomba mbele ya wenzake kama anaomba ruhusa ya kwenda msibani. Atafanya hivyo mara moja tu. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 vilipogawiwa kwa walimu, niliona jambo lilo hilo kwa sura nyingine: palipokuwa na walimu waliozoea kukaa pamoja, baada ya wiki chache walikuwa wanaoneshana jinsi ya kupakua vitabu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Pasipokuwa na mazoea hayo, kila mmoja alikwenda na chake nyumbani.

Wizara imeshatupa utaratibu wa kukaa pamoja. MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, inataka kila shule iwe na Jumuiya ya Ujifunzaji, walimu wakutane shuleni kwao wajadili ufundishaji. Kwenye karatasi ni jambo zuri sana. Kwenye uhalisia ni saa nane mchana, jua limewaka, mwalimu amefundisha vipindi saba tangu asubuhi na hajatia kitu tumboni, na nyumbani kwake ni mwendo wa bodaboda. Unamwambia akae ajadili zana za kufundishia. Atakaa, atasaini, ataangalia saa.

Kitu cha kwanza tulichonunua kilikuwa chai. Chai ya maziwa na maandazi, siku ya jumuiya tu, kutoka pesa ya machungwa. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza kwa nini tusiwape walimu posho ya kikao ikaisha. Nikamwambia, baba, posho ikianza leo, siku itakapokosekana hakuna kikao. Chai ikikosekana watu watalalamika, lakini watakaa. Na posho humfanya mtu ahesabu dakika. Mimi nilitaka wabishane.

Cha pili hakikuhitaji pesa bali kichwa cha mwalimu wa taaluma. Alipanga ratiba upya ili walimu wa hisabati wa madarasa ya chini wawe na kipindi kitupu siku ile ile, saa ile ile. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, hasa shule ikiwa na upungufu wa walimu, na yangu ina upungufu. Ikabidi mikondo miwili iunganishwe kwa kipindi kimoja, na mara nyingine mimi mwenyewe niingie darasani kusimamia imla. Mwalimu mkuu asiyekubali kushika chaki asianze jambo hili.

Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, na darasa la tatu likiwa mojawapo ya madarasa yaliyotangulia, jumuiya yetu ilikuwa na kazi ya kufanya. Mwalimu wa darasa hilo alikuja na daftari la mtoto. Swali: 402 kutoa 178. Jibu la mtoto: 376. Akatoa daftari la pili, 376. La tatu, 376. Kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yake. Hawakusikiliza. Hawajui kukopa. Wamenakiliana. Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akavuta daftari karibu akasema, “Hawajakosea ovyo. Kila safu wametoa kidogo kwenye kikubwa. Mbili na nane, sita. Sifuri na saba, saba. Nne na moja, tatu.” Kimya kidogo, kisha kicheko. Watoto walikuwa na kanuni, na waliifuata kwa uaminifu kabisa.

Hapo mazungumzo yaligeuka. Badala ya kuuliza tuwaadhibu au tuwarudishie zoezi, walimu wakaanza kuuliza kanuni hiyo waliitoa wapi. Ikaonekana ilitoka kwetu: tangu darasa la kwanza tumekuwa tukisema “kidogo hutolewa kwenye kikubwa”, na hatukuwahi kusema ni kipi hasa kikubwa, tarakimu au namba nzima.

Wiki ile walimu wawili wakafumua fagio la chelewa. Wakakata vijiti kwa urefu mmoja, wakafunga kumikumi kwa rababendi, na vifungu kumi wakavifunga tena kuwa mia. Mtoto akitaka kutoa nane kwenye 402 anaona wazi kwamba vijiti vya pembeni ni viwili tu na makumi hayapo. Anafungua mia moja, anapata makumi kumi. Anafungua kumi moja, yanabaki makumi tisa, na vijiti vya mamoja vinakuwa kumi na viwili. Kutoka hapo 224 inajitokeza yenyewe. Somo lile mwalimu mmoja alilifundisha, wengine tukasimama pembeni, kisha tukakaa tukalirekebisha, na mwalimu wa mkondo wa pili akalifundisha upya kwa namna bora zaidi. Wajapani wana utaratibu wa aina hii ambao wameutumia shuleni kwao kwa zaidi ya karne. Sisi tuliufikia kwa njia ya fagio.

Gharama yake? Paketi ya rababendi na fagio. Ukijumlisha na chai bado hufiki bei ya kebo ya projekta.

Kuna masharti mawili ambayo nayashikilia, na nimegombana na watu kwa ajili yake. La kwanza, tukiingia darasa la mwenzetu tunawatazama watoto, hatumtazami mwalimu. Hakuna fomu, hakuna alama, na ninachokiona humo hakiingii kwenye tathmini ya mtu. Siku nitakayotumia ziara ile kumuuliza mtu andalio la somo liko wapi, nitakuwa nimeifunga jumuiya kwa mkono wangu. Ukaguzi una siku yake na wathibiti ubora wanaifahamu.

La pili, sitaki zawadi ya mwalimu bora wa shule. Najua wazazi wanaipenda na inapendeza kwenye mahafali. Lakini weka shilingi laki moja mezani kwa mtu mmoja, uone kama vijiti vya chelewa vitatoka kwenye darasa la aliyevitengeneza. Kama lazima mtoe zawadi, toeni kwa kikundi cha somo, na iwe kitu cha kutumia pamoja: kabati lenye rafu, meza kubwa ya chumba cha walimu, manila na kalamu za wino mzito.

Tukifika kwenye mashine, ambayo napendekeza kabla ya projekta ni printa, nyeusi na nyeupe, ya kawaida. Mazoezi waliyotunga walimu yanachapwa siku ile ile badala ya kusubiri mtu apande gari kwenda stationari mjini. Ila usinunue printa kabla hujatenga pesa ya wino na rimu za mwaka mzima. Wafadhili hupenda kununua mashine na kuiachia shule wino, na wino ndio ghali.

Mapato na matumizi bandikeni ubaoni, hata kama ni ya maandazi. Hilo halihitaji maelezo.

Kinachonisumbua zaidi siku hizi ni uhamisho. Unamjenga mwalimu, anaiva, barua inafika, anaondoka na kila alichokijua. Siwezi kuzuia barua. Tulichofanya ni kuweka daftari moja la jumuiya: tarehe, mada, kosa la watoto kama walivyoliandika wenyewe, tulichojaribu, kilichotokea. Ukurasa mmoja kwa kikao, usizidi. Mwalimu mgeni akiripoti nampa daftari hilo asome kabla sijampa ratiba, na anayehama anaruhusiwa kupiga picha kurasa zote aende nazo. Kata yetu ilipokutanisha walimu wa shule jirani, kurasa za kutoa kwa kukopa zilinakiliwa na shule nyingine. Nunueni daftari la jalada gumu, na likae kwenye kabati la zana lisilofungwa kwa kufuli. Likihamia ofisini kwangu, hakuna atakayelifungua.