Shimo la uani lina nani ndani? Maswali yenu kuhusu nyigu

Maswali ya nyigu yamekuwa mengi, kutoka Kisauni hadi Likoni hapa Mombasa, na mengi yametoka kwa watu wenye haraka ya kuua. Naanza na lililonitia hofu zaidi, maana petroli imeshanunuliwa.

Uani kwetu, chini ya mwarobaini, kuna shimo ambalo nyigu wanaingia na kutoka. Mume wangu amenunua lita moja ya petroli, anataka kuimimina usiku kisha awashe kiberiti. Ni sawa? (Mama, Bamburi)

Si sawa hata kidogo, mama. Mwambie baba watoto petroli hiyo aitie kwenye tangi la gari au pikipiki na asiifikishe uani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia kwenye nyufa, na kiberiti kikiwaka, moto humrudia aliyekishika. Walio ndani kabisa ya shimo mara nyingi hupona, na hutoka na hasira. Tena huku kwetu tunakaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao una matundu tele. Unachomwaga uani leo kinaweza kufika kwenye kisima chako au cha jirani.

Kabla ya lolote, mjueni mwenye shimo. Kesho mnamo saa nne asubuhi, jua likishapanda, simama hatua kama kumi kutoka hapo, upande mmoja, usizibe njia yao. Tazama dakika kumi bila kupunga mikono.

Ukiona mdudu mmoja mwenye kiuno chembamba anafukua mchanga kwa miguu ya mbele na kuurushia nyuma, kisha baadaye anarudi akiburuta kiwavi au panzi, huyo ni nyigu mchimbaji. Hana malkia wala jeshi. Kila jike ana shimo lake. Humtia shimoni windo aliyemdunga akalemaa, hutaga yai juu yake, hufukia, huenda zake. Hata mashimo yakiwa ishirini mahali pamoja, hao ni majirani tu, hawaungani kukufukuza. Atakuuma ukimkanyaga pekupeku au ukimshika, basi. Mimi ningemwacha. Kama ni pale watoto wanapochezea, mwagia maji udongo kila siku na uushindilie, au panda nyasi, kwani anachopenda ni mchanga mkavu usio na kitu juu yake.

Ukiona msururu usiokatika, wanaoingia na wanaotoka wanapishana kama abiria wa feri ya Likoni asubuhi, hao karibu kila mara ni nyuki wa asali waliohamia shimo la panya au kichuguu kilichoachwa. Video nyingi mnazotumiana, za nyigu wa manjano wakibubujika ardhini kwa maelfu, ni za Ulaya na Marekani. Nyigu wetu wa pwani wanaoishi kwa kundi hutundika viota vyao juu, kwenye paa, miti na vichaka. Nyuki wetu ndio wa kuogopwa: hujihami kwa wingi na wanaweza kumfuata mtu mamia ya mita. Hapo msimimine maji, msifukize moshi, fyekeo lisipite karibu. Mfungeni mbwa mbali, waambieni majirani, na msome jibu la mwisho hapa chini.

Kuna na wa tatu: vidudu vyeusi vidogo sana, na mlangoni wamejenga kijibomba cha nta. Hao ni nyuki wasiouma. Waacheni, wanachavusha maua ya miti yenu.

Mwanangu wa miaka sita aliumwa na nyigu mkononi. Jirani akampaka mafuta ya taa, mwingine akaja na ndimu, bibi yake akataka tope. Kipi hasa kinafaa? (Mama, Likoni)

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu, ingawa wote walikuwa na nia njema. Mafuta ya taa huunguza ngozi ya mtoto. Tope huweza kuingiza vijidudu vya pepopunda penye tundu. Ndimu haifiki kwenye sumu, kwa sababu sumu imeshadungwa chini ya ngozi.

Mwondoe kwanza mahali pale, kwa kuwa nyigu mwiba wake haunasi kwenye ngozi na anaweza kuuma tena na tena. Nyuki ndiye anayeuacha mwiba na kifuko chake cha sumu kwenye ngozi. Ukiukuta, utoe papo hapo, kwa ukucha au vyovyote. Usianze kutafuta kibanio, maana kila sekunde kifuko kinaendelea kusukuma sumu. Osha kwa sabuni na maji. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Funga barafu kwenye kitambaa uiweke dakika kumi, pumzisha, rudia. Muinulie mkono. Kwa maumivu mpe parasetamoli, na kwa muwasho muulize mfamasia kipimo cha setirizini kwa umri na uzito wake. Mtoto asipewe aspirini.

Shemeji yangu aliumwa na nyigu mmoja tu. Baada ya dakika chache akatoka mabaka mwili mzima, akatapika, sauti ikamkauka. Alipona bila dawa. Mmoja anaweza kuua kweli? (Msomaji, Mtongwe)

Anaweza. Naomba ulisome jibu hili mpaka mwisho, kisha umsomee na shemeji yako.

Kuvimba pale palipoumwa, hata kuvimbe sana, ni jambo moja. Aliyoyapata shemeji yako ni jambo jingine: mwili wake wote uliipinga sumu. Huo ni mzio mkali, na idadi ya miiba haina maana hapo. Dalili huja ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla saa haijaisha: mabaka yanayowasha mbali na jeraha, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana na kutoa mluzi, kutapika, tumbo kusokota, kizunguzungu, kuzimia. Ngozi ikishaungana na pumzi, au na tumbo, au na kizunguzungu, msingoje kuona kama itapungua.

Dawa yake ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje. Setirizini hupunguza muwasho lakini haifungui koo wala haipandishi presha iliyoanguka. Kwa hiyo safari ni ya hospitali, na mapema. Mlioko Mtongwe na Likoni msianze kupanga foleni ya feri mkitafuta hospitali kubwa ya kisiwani. Hospitali ya Likoni iko upande wenu. Pigeni 999 au 112, au Msalaba Mwekundu 1199, na kama gari liko karibu ondokeni nalo.

Naiogopa zaidi ile bodaboda. Mgonjwa anakalishwa wima katikati ya watu wawili, kichwa kinaning'inia. Presha ikiwa imeshuka, kumkalisha wima au kumtembeza kunaweza kumuua kabla hamjafika barabara ya lami. Mlazeni chali, miguu juu, hata kama ni kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk. Kama anahema kwa shida, akae amenyoosha miguu. Aliyezimia au anayetapika alazwe ubavu, na mjamzito ubavu wa kushoto. Akipata nafuu hospitalini akubali kubaki saa kadhaa akiangaliwa, kwa sababu dalili huweza kurudi hata bila mwiba wa pili.

Kupona kwake safari hii si dhamana ya safari ijayo. Amwone daktari, azungumze naye kuhusu kuwa na adrenalini ya kujidunga, na watu wa nyumbani mwake wajue la kufanya.

Niliumwa juzi kidoleni, leo mkono umevimba hadi kiwiko, mwekundu na unawasha. Nimeambiwa ninunue antibiotiki. (Kijana, Changamwe)

Ngoja kidogo. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hukua kwa siku moja au mbili, kisha hupungua kwa wiki moja hivi. Unatokana na mwili kupambana na sumu, hautokani na vijidudu. Barafu, kuinua mkono na dawa ya muwasho vinatosha. Nenda zahanati ukipata homa, ukiona usaha, mistari myekundu ikipanda mkono, au maumivu yakizidi baada ya siku ya tatu. Na usijikune.

Chini ya makuti ya baraza yetu kuna kiota cha kijivu kinachoning'inia, nyigu wamekikalia juu yake. Nikichome kwa mwenge? (Mzee, Nyali)

Shikamoo mzee. Mwenge usiusogeze kabisa kwenye makuti. Hasa msimu wa kaskazi yakiwa makavu, ni dakika chache tu na paa la jirani limeshashika moto.

Hao ni nyigu wa karatasi. Karatasi hiyo wameitengeneza wenyewe. Nenda Mji wa Kale usimame penye mlango wa mbao uliopaukwa na jua, utamwona mmoja amekaa akikwangua huku anarudi nyuma. Kukiwa kimya utamsikia meno yake. Anachokwangua hukitafuna na mate, akakipaka kwenye kiota, na ubaoni huacha mstari mwembamba mweupe. Watoto wake huwalisha viwavi, wale wale wanaotoboa mchicha na mabamia yako. Kiota kikiwa juu sana na hakuna anayepita karibu, mimi ningekiacha.

Kikiwa mlangoni, angalia ukubwa. Kikiwa kikubwa kuliko kiganja, au kiko mahali pa kupanda ngazi, mpe kazi mwenye vifaa: wengi wanaoumia vibaya huanguka wakikimbia mwiba. Kikiwa kidogo na unakifikia ukiwa umesimama chini, ngoja saa mbili au tatu usiku wakiwa wametulia. Vaa mikono mirefu, suruali, viatu, kofia, na ufunge uso. Tochi iweke chini kando, usiishike, kwani wataifuata taa. Changanya vijiko vitatu vya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye lita ya maji, tia kwenye chupa ya kupulizia yenye nguvu, uwaloweshe wote kwa mara moja. Sabuni huziba matundu wanayopumulia. Njia uliyotokea iwe wazi nyuma yako. Asubuhi angusha kiota na usugue mahali pake. Dawa ya pareto nayo hufanya kazi, lakini iwe mbali na samaki wa bwawa na paka. Aliyewahi kupata mzio asijaribu lolote kati ya haya.

Vijumba vya udongo ukutani sebuleni, ni vya nyigu? (Dada, Tudor)

Ndiyo, wa tope. Anaishi peke yake, ndani amewaweka buibui kwa ajili ya mtoto wake, na haumi isipokuwa akibanwa. Kwangua kwa kisu cha zamani wakati hayupo, upake rangi ukuta.

Nauza juisi ya miwa Mama Ngina. Alasiri nyigu na nyuki wananijazia meza, wateja wanakimbia. (Muuzaji)

Wanafuata sukari, na maganda ya miwa ndiyo yanayowaita kutoka mbali. Yatie kwenye pipa lenye kifuniko na uliweke mbali na meza. Futa mashine kwa maji ya sabuni kila baada ya wateja kadhaa, na miwa iliyomenywa ifunike. Usiwapige: nyuki akipondwa hutoa harufu inayowaita wenzake.

Wateja wape vikombe vyenye kifuniko. Mwiba wa ndani ya kinywa ni hatari hata kwa asiye na mzio, kwa sababu ulimi na koo vikivimba pumzi hukosa njia. Akiumwa mtu humo, anyonye kipande cha barafu huku mnakwenda hospitali, hata kama anasema yuko salama. Msimu wa maembe hili liwahusu na watoto: waangalie tunda kabla ya kung'ata.

Nimeona mdudu wa kijani anayeng'aa, anamvuta mende kwa kipapasio jikoni. (Mwanafunzi, Kongowea)

Umebahatika. Huyo ni nyigu wa mende. Amemdunga kwenye ubongo, mende anatembea lakini hana hiari. Anampeleka shimoni kumtagia yai. Mwache apite.

Nyuki wakinivamia, nilale chini au nijitose baharini? (Msomaji, Shanzu)

Kimbia. Nenda moja kwa moja, shati limefunika uso, macho yakiwa yanaona njia, mpaka ndani ya nyumba au gari lililofungwa. Wachache watakaoingia nawe ni afadhali kuliko walio nje. Majini watakungoja juu. Ukisikia harufu ya ndizi mbivu mahali pasipo na ndizi, hiyo ni ishara ya nyuki ya kuitana vitani, ondoka mara moja. Mtu mzima aliyeumwa mara nyingi, tuseme hamsini, au mtoto hata kumi na kitu, aende hospitali hata kama anaongea vizuri, kwani sumu nyingi huharibu figo na misuli. Mkojo ukigeuka rangi ya chai nzito, ni dharura.

Wa kuwahamisha nyuki nimpate wapi? (Msomaji, Mikindani)

Anzia kwa afisa wa kilimo na mifugo wa kaunti, au kwa wafugaji wa nyuki wa vijijini karibu nawe. Muulize kama atawahamisha wakiwa hai kwenye mzinga au atawaua, na kama anakuja na mavazi na bomba la moshi. Akikuambia ataleta petroli, mshukuru na utafute mwingine. Kazi ikiisha, akwangue masega na nta yote, na shimo lizibwe siku hiyo hiyo kwa mawe na saruji, kwa kuwa harufu ya nta itawaita kundi jingine.