Jibu: Pikipiki kuzimika njiani kuelekea Urambo

Ndugu, umeuliza kwa nini BMW R100RT yako ya mwaka 1982 huzimika kila unapokaribia Urambo na kuwaka tena ikipumzishwa, ilhali ukizunguka Tabora mjini haina tatizo. Kabla fundi hajafungua kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, naomba utazame mfuniko wa tangi. Mfuniko huo una tundu dogo la kupitisha hewa. Likizibwa na vumbi la kiangazi, petroli hupungua bila hewa kuingia kujaza nafasi yake, na hatimaye mafuta hushindwa kuteremka hadi kabureta zote mbili zikakauka. Yangu ilinizimikia hivyo hivyo mara tatu, nikabadilisha plagi na koili bure, jambo linaloniuma mpaka leo, hadi siku moja kando ya barabara nilipofungua mfuniko nikasikia hewa ikivutwa ndani kwa mluzi mwembamba, na baada ya dakika moja injini ikawaka. Lizibue tundu hilo kwa waya mwembamba na petroli. Usiposikia mluzi, kagua vichujio vya koki mbili zilizo chini ya tangi, kwani tangi la chuma la umri huo hushika kutu.